Umeme wa Jua Kutoka Anga za Juu: Uwezekano Wake na Maana Yake kwa Bonde la Rukwa

Kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi wa mataifa makubwa wamekuwa wakilichunguza wazo moja: kuvuna nguvu ya jua nje kabisa ya hewa inayoizunguka dunia, kisha kuishusha ardhini bila waya. Habari za wazo hili zamani zilibaki katika majarida ya wataalamu. Siku hizi hufika kwa simu ya mkononi hata Mtowisa, na mara nyingine hufika zimetiwa chumvi. Wapo wanaosema kwamba nguzo na nyaya zitakuwa mambo ya kale. Wapo pia wanaouliza kuna haja gani kijiji kuchangia paneli na betri za zahanati ilhali umeme wa angani uko njiani. Swali hilo la pili ni zito, kwa maana linagusa fedha za watu wenye kipato kidogo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafaa tulitazame jambo lenyewe tangu mwanzo wake.

Jinsi linavyokusudiwa kufanya kazi

Nje ya angahewa, kila mita ya mraba inayolielekea jua hupokea takriban wati 1,361. Huko hakuna wingu, vumbi wala masika. Setilaiti inayokusudiwa ingekaa juu ya ikweta, katika kimo cha kilomita 35,786, mahali ambapo huzunguka sambamba na dunia inavyojizungusha, hata mtu aliye chini huiona kana kwamba imesimama. Ni mzingo uleule wa setilaiti za televisheni ambazo madishi ya nyumba zetu huzielekea. Hapo juu kivuli cha dunia huifunika setilaiti katika majira mawili tu ya mwaka, yaani kuzunguka mwezi Machi na mwezi Septemba, wakati usiku na mchana hulingana, tena kwa muda usiozidi dakika 72 kwa siku. Muda uliobaki, ambao ni zaidi ya asilimia 99 ya mwaka, jua huiangazia bila kukoma.

Paneli zingegeuza mwanga huo kuwa umeme, nao umeme ungegeuzwa kuwa mawimbi ya maikrowevu, jamaa ya yale yanayopasha chakula moto jikoni na yale yanayobeba intaneti ndani ya majengo. Mwali wa mawimbi hayo ungeelekezwa kwenye uwanja mpana wa antena ardhini, na antena zingeyarudisha kuwa umeme wa kuingizwa katika gridi. Masafa yaliyopendekezwa zaidi ni gigahetsi 2.45, kwa kuwa hupenya mawingu na mvua pasipo kupungua sana. Katika mnyororo huo hakuna hatua hata moja inayopingana na kanuni za maumbile, na kila moja imekwisha kufanyika mahali fulani kwa kiasi kidogo. Ugumu wote uko katika ukubwa na katika gharama.

Majaribio tangu 1964 hadi leo

Mwaka 1964 mhandisi William Brown wa Marekani alionyesha helikopta ndogo iliyoelea hewani bila mafuta, ikilishwa nguvu kwa mawimbi ya maikrowevu kutoka chini. Miaka minne baadaye, yaani 1968, Peter Glaser, mhandisi mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi Marekani, alichapisha katika jarida la Science pendekezo la kujenga kituo cha umeme angani, akapewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1973. Mwaka 1975, huko Goldstone katika jangwa la California, Brown na wenzake walirusha nguvu kwa umbali wa kilomita moja na nusu, na upande wa pili zikapokelewa kilowati zaidi ya 30. Antena za kupokelea ziligeuza zaidi ya asilimia 80 ya mawimbi yaliyozifikia kuwa umeme. Mwaka huohuo, katika maabara, umeme uliotoka mwisho wa safari ulikuwa asilimia 54 ya ule ulioingizwa mwanzoni. Majaribio hayo ya 1975 bado ni kipimo kinachotajwa na wataalamu hadi leo, jambo linalosema mengi juu ya mwendo wa kazi hii.

Kisha ukaja uchunguzi mkubwa wa Wizara ya Nishati ya Marekani na NASA, uliomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliochora mpango waliiwazia setilaiti yenye uwanja wa paneli wa takriban kilomita 5 kwa 10, yenye antena ya kurushia yenye kipenyo cha kilomita 1, na yenye kutoa megawati 5,000. Haikujengwa. Gharama ya kuipandisha angani ilikuwa kubwa kupita kiasi, na baadaye bei ya mafuta, iliyokuwa imewatia watu hofu baada ya 1973, ilishuka.

Warusi walijaribu njia nyepesi zaidi. Tarehe 4 Februari 1993, kutoka katika chombo cha mizigo kilichokuwa kikiihudumia stesheni ya Mir, walikunjua kioo chembamba chenye upana wa mita 20, kikatupa doa la mwanga wa jua lenye upana wa kilomita 5 juu ya Ulaya iliyokuwa bado gizani. Jaribio la pili, mwaka 1999, lilishindikana, na mradi ukaishia hapo.

Katika miaka ya karibuni hamasa imerudi. Japani ilifanya majaribio mawili ya ardhini mwaka 2015, moja likirusha nguvu kwa umbali wa mita 500. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Xidian cha China kilizindua mnara wa majaribio, na mwezi Novemba wa mwaka huohuo nchi za Ulaya zikaidhinisha uchunguzi uitwao Solaris. Chuo cha Caltech cha Marekani kilipeleka chombo chake angani Januari 2023. Mwezi Machi chombo hicho kiliwasha taa ndogo ndani yake chenyewe kwa nguvu iliyosafiri bila waya, na mwezi Mei mawimbi yake yakatambuliwa juu ya paa la maabara ya chuo. Vichwa vya habari vilitangaza kwamba umeme umeshuka kutoka angani. Kwa hakika kilichofika kilitosha kuonekana katika vipimo, si kuwasha taa.

Kwa nini haiwezekani kujenga setilaiti ya kijiji

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, napo hupitwa haraka na wanaoliandika kwa shauku. Mtu akiwasha tochi usiku, duara la mwanga ukutani hupanuka kadiri anavyorudi nyuma. Mwali wa maikrowevu nao hupanuka kadiri unavyosafiri, na hakuna fundi awezaye kuuzuia usipanuke, kwa kuwa ni tabia ya mawimbi yenyewe. Upana wa doa litakaloanguka ardhini hutegemea mambo matatu tu: urefu wa wimbi, umbali, na upana wa antena inayorusha. Kwa wimbi la gigahetsi 2.45, ambalo lina urefu wa sentimita 12 hivi, likirushwa kutoka kimo cha kilomita 35,786 na antena yenye upana wa kilomita 1, doa huwa na kipenyo cha karibu kilomita 10.7. Ukiipunguza antena ya juu kuwa nusu, doa la chini linakuwa maradufu.

Maana yake ni kwamba mradi huu hauna toleo dogo. Paneli ya kawaida mtu aweza kununua moja kwa ajili ya taa tatu na kuchaji simu, akaongeza ya pili akipata fedha. Setilaiti ya umeme, hata ingekusudiwa kuhudumia Mtowisa peke yake, ingehitaji antena ya kilomita nzima angani na uwanja wa takriban kilomita za mraba 90 ardhini. Ni lazima iwe kubwa kama kituo cha taifa, ama isiwepo kabisa. Na ikiwa ni ya taifa, umeme wake hauangukii kila paa. Huangukia uwanja mmoja, na kutoka hapo huhitaji nguzo, nyaya na transfoma kama umeme mwingine wowote. Wanaosema kwamba nguzo zitakuwa mambo ya kale hawakulifikiria hilo.

Kilomita za mraba 90 katika Bonde la Rukwa si jambo la kutajwa kwa wepesi. Kati ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa na maji ya ziwa, ardhi ya mpunga na ya malisho tayari inagombewa na wakulima na wafugaji. Baadhi ya wabunifu wamesema kwamba antena za wavu zinaweza kuinuliwa ili mwanga na mvua vipite na mazao yalimwe chini yake. Huenda ikawa kweli, lakini yatupasa kujua ni nani angeruhusiwa kulima hapo, na kwa hati ya nani.

Kuhusu usalama, hofu ya kwamba mwali huo ungeunguza watu na mifugo haina msingi mkubwa kwa mpango uliokwisha kuchorwa. Katikati ya doa nguvu yake ingekuwa wati 230 kwa mita ya mraba, na ukingoni wati 10. Jua la adhuhuri hutoa karibu wati 1,000. Hata hivyo wati 230 za maikrowevu zazidi kwa mbali viwango vinavyoruhusiwa kwa watu kukaa humo, na ndiyo sababu katikati ya uwanja pangezungushiwa uzio. Ndege hawasomi mabango, nao ni suala ambalo lilichunguzwa kidogo tu.

Jua tulilo nalo

Tarakimu hiyo ya 230 yafaa kuangaliwa tena. Kila mita ya mraba ya ardhi ya Tanzania hupokea kwa siku kati ya uniti 4 na 7 za nguvu ya jua, kutegemea mahali na majira. Tukichukua uniti 5.5 na kuzigawa kwa saa 24 za mchana na usiku, tunapata wastani wa wati 229. Kwa maneno mengine, mwali wa mpango ule, hata katikati ya doa lake, unakaribiana na wastani wa jua ambalo nchi hii hulipokea bure. Ni haki kuongeza kwamba antena hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya nguvu hiyo kuwa umeme, ilhali paneli ya kawaida hugeuza kama asilimia 20 ya mwanga. Tena mwali haulali usiku wala haujifichi nyuma ya mawingu ya masika, ambayo Ufipa hutanda tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Faida hizo ni za kweli.

Lakini faida hizo hazilingani kila mahali. Mita moja ya mraba angani hupata takriban uniti 32.7 kwa siku, yaani mara sita ya ile iliyoko Tanzania. Baada ya nusu kupotea njiani, faida inabaki kama mara tatu. Kwa Ulaya ya kaskazini, ambako jua ni hafifu na majira ya baridi hulificha kwa miezi, faida ni kubwa zaidi ya hapo. Hivyo nchi za huko zina sababu ya kulitafuta jua mbali namna hiyo. Sisi tunaoishi nyuzi nane kusini mwa ikweta hatuna haraka ileile.

Gharama

Stesheni ya Kimataifa ya Anga, kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo mwanadamu amevijenga angani, ina uzito wa takriban tani 420, na sehemu zake kuu ziliunganishwa kati ya 1998 na 2011. Paneli zake hutoa kilowati mia moja hivi. Mwezi Januari 2024 NASA ilichapisha tathmini ya mipango miwili ya setilaiti za umeme, kila mmoja wa megawati 2,000. Mmoja ungekuwa na uzito wa tani 5,900 na mwingine tani 10,000, na kila mmoja ungehitaji safari za roketi zaidi ya 2,000.

Megawati 2,000 ni kiasi kinachokaribiana na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Tathmini hiyo ilikadiria kwamba uniti moja ya umeme wa angani ingegharimu senti 61 za dola katika mpango wa kwanza, na dola 1.59 katika wa pili, yaani kati ya mara 12 na mara 80 ya umeme jadidifu wa ardhini wa wakati ambao setilaiti hizo zingekuwa zinafanya kazi. Senti 61 ni karibu shilingi 1,500. Mteja mdogo wa TANESCO wa kundi la D1 amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ripoti hiyohiyo haikulifunga jambo kabisa: ilionyesha kwamba iwapo gharama za roketi, za kutengeneza vifaa na za kuviunganisha angani zingeshuka kwa pamoja, bei ingeweza kukaribiana na ile ya ardhini.

Na gharama za roketi zimeshuka kweli. Kilo moja iliyopandishwa na vyombo vya Space Shuttle ilikadiriwa kugharimu zaidi ya dola 50,000, na roketi za sasa zinazorudi na kutumika tena zimefikisha gharama hiyo chini ya dola 3,000 kwa mzingo wa karibu. (Bonde la Rukwa lenyewe limo katika biashara hii kwa mlango wa nyuma: gesi ya heli, ambayo kupatikana kwake hapa kulitangazwa mwaka 2016, ndiyo hutumika kusukuma mafuta katika matangi ya roketi.) Tatizo ni kwamba mshindani hakusimama kumsubiri. Katika kipindi cha miaka kumi hivi tangu 2010 bei ya paneli za ardhini ilishuka kwa karibu asilimia 90, na ya betri za lithiamu ikaifuata kwa karibu. Kila mwaka ambao setilaiti inachelewa, paneli na betri huzidi kuiacha nyuma.

Ikweta ni ya nani?

Mzingo ule wa kilomita 35,786 uko juu ya ikweta pekee, na ikweta hupita Kenya, Uganda na Kongo. Tarehe 3 Desemba 1976 nchi hizo tatu, Kongo ikiitwa Zaire wakati huo, pamoja na nchi nyingine za ikweta, zilitoa Tamko la Bogotá. Zilidai kwamba sehemu ya mzingo iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao ya asili, kama vile madini na misitu. Tanzania haikuwamo, kwa kuwa ikweta hupita kaskazini mwa mipaka yake. Mataifa makubwa yalilikataa tamko hilo kwa hoja ya kwamba Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha sehemu ya anga. Kisheria hoja yao ilikuwa na nguvu. Lakini nchi zile ziliona mbali: nafasi katika mzingo huo ni chache, na anayetangulia kuwa na roketi ndiye anayetangulia kukaa.

Afrika Mashariki imewahi kuwa mlango wa kwenda angani. Kutoka majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, wakinufaika na msukumo wa dunia ambao kwenye ikweta huwa mkubwa kuliko kwingineko. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Vitu vinavyopanda huja pia kushuka: tarehe 30 Desemba 2024 duara la chuma lenye uzito wa kilo 500 hivi lilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Hakuna aliyeumia. Mradi unaohitaji maelfu ya safari za roketi hauna budi kueleza mabaki yake yataanguka wapi.

Mintarafu haki ya nchi maskini katika nishati, waraka Laudato si' wa mwaka 2015, katika aya ya 172, unakiri kwamba kulitumia jua lililo tele kunahitaji taratibu na ruzuku zitakazoziwezesha nchi hizo kupata teknolojia, msaada wa kitaalamu na fedha. Vatikano yenyewe imeamua kuvuna umeme wa jua ardhini: kwa barua Fratello sole ya tarehe 21 Juni 2024, Papa Fransisko aliagiza kujengwa kituo cha paneli huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, mahali ambapo kilimo kitaendelea pamoja na paneli.

Umeme unaoweza kufika Rukwa

Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulitegemea umeme wa kununuliwa Zambia, unaopita Mbala, kwa sababu gridi ya taifa haikuwa imefika. Mradi wa TAZA ndio uliobuniwa kuondoa hali hiyo kwa njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga na mpaka wa Zambia. Hata taifa lenye bwawa la megawati 2,115 lilitangaza mwaka 2025 nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa maelezo kwamba kuusafirisha kutoka kusini hupoteza mwingi njiani. Shida yetu kubwa leo ni kuufikisha umeme, na setilaiti isingeiondoa.

Paneli za ardhini zaweza kuwekwa palepale panapohitajika. Serikali inajenga kituo cha Kishapu, mkoani Shinyanga, chenye lengo la megawati 150. Taasisi nazo zimeonyesha njia: Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga kituo cha maji cha Tulila katika Mto Ruvuma, cha megawati 5, ambacho tangu 2015 huiuzia TANESCO umeme. Kwa zahanati, shule au parokia ya bondeni, hesabu ni ndogo zaidi. Paneli nzuri hudumu miaka 25. Betri za asidi mara nyingi huchoka kati ya mwaka wa tatu na wa tano, mapema zaidi katika joto kama la Mtowisa, na mifumo mingi iliyokufa vijijini ilikufa kwa betri wakati paneli zingali nzima. Kamati inayochangisha fedha za sola yafaa iulize mambo matatu kabla ya kulipa: betri ni za aina gani, zitakaa mahali pa ubaridi kiasi gani, na fungu la kununua nyingine litatunzwa na nani kuanzia mwezi wa kwanza.